Zamu ya Jumanne

Desemba ikikaribia, makanisa mengi ya mijini huchangamka. Magunia ya mchele hupangwa mbele ya altare, kwaya hushona sare, pikapu hukodiwa, na msafara hufunga safari kwenda makao ya yatima au kambi ya wazee. Risala husomwa, watoto huimbishwa, picha hupigwa, na jioni kila mtu hurudi kwake roho kwatu. Hakuna ubaya katika hayo. Aliyekula pilau siku ya Krismasi amekula pilau. Lakini njaa haifuati kalenda ya kanisa. Mzee anayelala kwenye kibaraza cha duka, hatua chache kutoka lango la parokia, ana njaa pia Jumanne moja ya Februari, siku isiyo na msafara wala mpiga picha, na kanisa limetiwa kufuli.

Upungufu wa makanisa yetu si wa vitu. Mchele hupatikana, nguo kuukuu hujaa stoo hadi panya wakazalia humo. Kinachokosekana ni watu wenye zamu: mtu mwenye siku yake ya wiki, anayejulikana kwamba siku hiyo atakuja, mvua inyeshe isinyeshe.

Kanisa la kwanza lililigundua hili mapema, tena kwa aibu. Huko Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, na manung'uniko yakafika kwa mitume. Mitume hawakuitisha semina ya ukarimu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, majina yao yakatajwa hadharani, wakakabidhiwa kazi. Stefano, anayekumbukwa kama shahidi wa kwanza, alikuwa mmoja wao. Kabla ya kupigwa mawe alikuwa msimamizi wa chakula. Waumini wanaoona kugawa uji ni kazi ya watu wasiojua kuhubiri wangetafakari jambo hilo.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1833, mji wa Paris ulikuwa haujapona majeraha ya kipindupindu cha mwaka uliotangulia, kilichoua watu wapatao 18,000. Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 20, hodari wa kuitetea dini kwenye midahalo. Siku moja akabanwa na mpinzani: Ukristo ulifanya makuu zamani, sawa, lakini ninyi mnaojigamba nao leo mnafanya nini? Swali lile lilimchoma. Yeye na wenzake wachache wakaanza kutembelea familia maskini, ila walikuwa wasomi wasiojua hata waanzie mlango upi. Wakamwendea Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa akivijua vichochoro vya mtaa wa Mouffetard kama kiganja cha mkono wake. Sista akawapa majina ya familia na vyeti vya mkate, akawafundisha jinsi ya kuingia katika nyumba ya mtu bila kumdhalilisha.

Hapo ndipo palipozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea katika nchi zaidi ya 140, parokia za Afrika Mashariki zikiwemo. Utaratibu wake haukuwa na makeke: kwenda kwa mtu nyumbani kwake, kukutana kila wiki, na kusimulia ulichokikuta. Kijana aliyeahidi kurudi alipaswa kurudi, kwa maana wiki ijayo wenzake wangemuuliza.

Faida ya kurudi haionekani siku ya kwanza. Anayegawa uji mara moja kwa mwaka huona foleni. Anayeugawa kila Jumanne humwona mama asiyekula maharage kwa sababu ya vidonda vya tumbo, akamwekea uji mtupu pembeni. Hukiona kidonda cha mguuni cha yule kijana muokota chupa, kwamba wiki iliyopita kilikuwa kikavu na leo kinatoa harufu, akajua kuwa asipopelekwa zahanati sasa, baadaye atakatwa mguu. Hugundua kwamba mzee wa blanketi la kijivu hajaonekana kwa wiki mbili. Kutoonekana kwa mtu ni habari kubwa, lakini ni habari kwa aliyemzoea tu.

Katika jiji la New York liko kanisa la Kianglikana liitwalo Holy Apostles, mtaa wa Chelsea, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa linakufa. Waumini walikuwa wamepungua na jengo limechakaa. Wakafikia uamuzi ambao mhasibu yeyote angeukataa: kama tunakufa, na tufe tukifanya jambo la maana. Oktoba 1982 wakafungua jiko. Siku ya kwanza walikuja watu wapatao 35. Miaka ilivyokwenda, foleni ikafika watu kama elfu moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka 1990 moto ukateketeza paa la kanisa, na siku iliyofuata chakula kikagawiwa vilevile. Jengo lilipokarabatiwa, viti vya ibada vya kudumu havikurudishwa. Zikawekwa meza, watu wakalia chakula mle mle wanamosali Jumapili. Kanisa lililokuwa linasubiri kufungwa likapata wajitolea kutoka kila pembe ya jiji, wengine wasio waumini kabisa. Wazee wa kanisa wanaouliza maskini hawa wasiotoa zaka watatuletea faida gani wanalo jibu hapo, ingawa swali lenyewe halistahili kuulizwa.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nalo huja limevaa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiwalisha kila wiki, wanasema watu, unawazoesha uvivu. Haya, tuipokee methali kama ilivyo. Inasema mpe jembe, haisemi mfukuze. Na huwezi kumpa mtu jembe kama hukukaa naye hata ukajua analiweza lipi.

Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa wavulana waliokuwa wakiwaonyesha madereva nafasi za kuegesha magari ili wapewe senti. Wenye magari waliwaogopa na polisi waliwafukuza. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa Wamisionari wa Afrika, aliwafuata huko huko mitaani, akawa rafiki yao, na mwaka 1973 akaanzisha shirika la Undugu. Kutokana na urafiki huo zikaja shule za elimu ya msingi iliyofupishwa, kwa watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimewashinda au kuwakataa, kisha mafunzo ya ufundi. Jembe lilitolewa, lakini lilitanguliwa na mazoea. Anayetaka kuanzia kwenye jembe huishia kutoa hotuba.

Afrika Mashariki ina chombo ambacho Ozanam angekionea wivu, nacho ni Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Tangu maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, kupitia umoja wao wa AMECEA, walipozifanya kipaumbele miaka ya 1970, familia za jirani hukutana kila wiki sebuleni au uani kwa mmojawapo. Watu huketi mkekani, neno la Mungu husomwa, kikapu hupitishwa, kisha katibu hufungua daftari: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kajifungua. Huo ni utaratibu wa zamu uliokwisha kukamilika. Una kasoro moja, na ni kubwa: jumuiya imejengwa juu ya nyumba. Asiye na nyumba hana jumuiya. Jina lake halimo daftarini, hana kadi ya zaka, na katika parokia zisizomzika asiyeshiriki jumuiya, hata kaburini atakwenda bila ibada. Tulijenga chombo kizuri cha ujirani, kisha tukamsahau jirani anayelala nje.

Kurekebisha kasoro hiyo hakuhitaji mfadhili. Jumuiya inaweza kuandika daftarini majina ya wanaolala sokoni, stendi na vibarazani ndani ya mipaka yake, na kuwapangia wanajumuiya wa kuwatembelea, wawili wawili. Wanawake Wakatoliki wa WAWATA wana masufuria, vijana wana miguu, usharika wa Kilutheri wa KKKT una udiakonia. Yako masharti machache ambayo mjitolea hana budi kuyashika. Asimpige mtu picha akiwa na bakuli mkononi. Asifanye sala kuwa nauli ya uji. Mtoto wa mitaani asichukuliwe na mtu mmoja kwenda kulala kwake, hata kwa nia njema. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na taarifa ianzie huko. Fedha ziandikwe na zisainiwe na watu wawili, maana huduma nyingi hazikufa kwa ukata bali kwa minong'ono.

Na kama kuna anayedhani kwamba mji wa Kiafrika hauwezi kulisha watu siku nyingi mfululizo, awatazame majirani Waislamu mwezi wa Ramadhani. Misikiti mingi hufuturisha jioni baada ya jioni, mwezi mzima, na mpita njia hakaribishwi kwa kuulizwa maswali. Linalowezekana mwezi mmoja kila jioni linawezekana mwaka mzima mara moja kwa wiki.

Basi Jumapili hii, ibada ikishakwisha, msomaji asikimbilie daladala. Amwone katibu wa jumuiya au mzee wa kanisa, ataje siku moja ya wiki anayoiweza, na jina lake liandikwe mbele ya siku hiyo. Akikuta Jumamosi imeshajaa, achukue Jumanne.