Doa la kwenye glasi si deni lako

Mwezi uliopita dada mmoja alituletea daftari lake tumsaidie kuangalia kwa nini pesa ya nyumbani imepungua. Mshahara ni ule ule, kodi ya chumba ni ile ile, lakini Bukavu zilifika euro 70 badala ya 250 kama kawaida. Tukapitia mstari kwa mstari. Kumbe euro 180 zimekwenda kwenye glasi. Wala siyo glasi zake, ni za nyumba anayofanya usafi, huku huku Brussels.

Mama mwenye nyumba alikuwa na glasi sita za divai, za kristali. Zikaanza kuwa na ukungu mweupe. Akamwambia dada, "Umeziharibu kwa kuosha vibaya." Dada akaona aibu, akatoa pesa taslimu, bila risiti, bila hata karatasi ya kusema amelipa nini. Halafu akaambiwa azitupe. Yeye hakuzitupa, alizifunga kwenye gazeti akaja nazo.

Tulizitia siki nyeupe na maji ya vuguvugu palepale jikoni. Ndani ya nusu saa glasi tano zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani. Ya sita ilibaki na ukungu wake. Yaani dada amelipia glasi sita, na tano kati yake hazikuwa na ubaya wowote.

Ndiyo maana leo tunaandika habari za madoa ya glasi kwenye ukurasa wa akiba. Wengine mtacheka, mtasema hii ni kazi ya jikoni, mhasibu inamhusu nini? Inatuhusu. Mwezi ule watoto wa Bukavu walikosa euro 180.

Tuanze na maji. Maji ya Brussels yanaletwa na Vivaqua. Sehemu yake hutoka mto Meuse, huko Tailfer, na sehemu hutoka chini ya ardhi, kama huko Modave. Yakipita kwenye mawe ya chokaa yanabeba ile chokaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mji ina maji magumu. Ugumu wake hupimwa kwa digrii za Kifaransa. Digrii 1 ni sawa na miligramu 10 za chokaa ndani ya lita moja, na maji yakipita digrii 30 huhesabiwa kuwa magumu. Unaiona kwenye birika la umeme, kwenye bomba la bafu, na kwenye glasi iliyoachwa ikauke yenyewe. Tone la maji linakauka, chokaa inabaki. Leo hivyo, kesho hivyo, baada ya miezi glasi ina ukungu. Kwa hiyo ukungu mwingi unaouona ni wa maji ya mji, hata kama umeosha vizuri.

Lakini kuna ukungu wa aina mbili, na hapa ndipo pesa inapopotea. Wa kwanza ni huo wa chokaa, umekaa juu ya glasi na unatoka. Wa pili ni glasi yenyewe kuliwa. Mashine ya kuoshea vyombo, kwa joto lake na sabuni yake kali, inakwangua kioo kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi. Ukiigeuza kwenye mwanga wakati mwingine unaona rangi rangi kama za upinde wa mvua. Huo hautoki kwa siki, kwa limau wala kwa maombi. Kristali, kama ile ya Val Saint Lambert iliyoanza kutengenezwa Seraing mwaka 1826, haipendi mashine kabisa, na glasi zenye mstari wa dhahabu ndiyo usiseme. Ile glasi ya sita ya dada yetu ilikuwa hivyo. Na yeye huosha kwa mkono. Anayeiweka kwenye mashine jumamosi na jumapili wageni wakija, siyo yeye.

Namna ya kujua ni rahisi. Chovya kidole kwenye siki, sugua sehemu ndogo, subiri dakika chache, suuza, kausha. Pakiwa peupe, ni chokaa. Pakibaki vile vile, usiendelee kusugua. Piga picha, mwonyeshe mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Sasa dawa zenyewe. Zote ni za bei ya chini, na kwa desturi anayenunua vifaa vya usafi ni mwenye nyumba.

Chokaa: siki nyeupe nusu, maji ya vuguvugu nusu. Loweka glasi ya kawaida nusu saa, kristali dakika kumi na tano kwanza uangalie, usiilaze humo usiku kucha. Futa kwa kitambaa laini, suuza, kausha papo hapo. Harufu ya siki ikikusumbua, tumia asidi ya limau ya unga, dukani imeandikwa acide citrique. Kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji ya moto kiasi kinatosha.

Chai na kahawa: hii inawahusu sana kaka zetu wa mjengo mnaoishi wanne chumba kimoja, vikombe vya kioo vimekuwa vya kahawia. Usinunue vipya. Chukua bicarbonate, ile tunayoiita magadi ya kupikia, ilainishe kwa maji iwe kama uji mzito, paka, acha robo saa, sugua kwa kidole au sponji laini, suuza.

Chupa ya divai yenye shingo nyembamba: tia siki kidogo na kiganja cha mchele mbichi, tikisa kwa kuzungusha. Mchele unasugua pale mkono usipofika. Vidonge vya kusafishia meno bandia navyo vinasaidia, weka kimoja na maji ya vuguvugu, acha saa chache.

Rangi ya midomo: ifute kwanza kwa karatasi kavu na tone la sabuni ya vyombo, ndipo uoshe. Maji peke yake yanateleza juu ya mafuta.

Usitumie steelwool, wala unga wa kusugulia masufuria. Mikwaruzo haina dawa, na hiyo kweli utakuwa umeifanya wewe. Na hili tunalisema kwa sauti: usichanganye siki, wala asidi yoyote, na javel, ile ambayo wengine nyumbani tunaiita Jik. Inatoa hewa ya klorini, ni sumu ya mapafu, na bafu nyingi za Brussels hazina hata dirisha. Hakuna glasi inayolingana na kifua chako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukausha glasi ikiwa bado na maji ni sekunde kumi, kuondoa chokaa ya miezi sita ni nusu saa. Kama nyumba ina mashine, mwambie mwenye nyumba aangalie chumvi ya mashine. Ikiisha, kila kitu kinatoka cheupe, na lawama zinakuja kwako.

Tumefika kwenye pesa. Msimamo wetu ni huu: msilipe kitu kilichoharibika kazini kabla ya kujua sheria inasema nini. Sheria ya Ubelgiji ya mikataba ya kazi, ya tarehe 3 Julai 1978, kifungu cha 18, inasema mfanyakazi akisababisha hasara kwa mwajiri au kwa mtu mwingine akiwa kazini, anawajibika kwa mambo matatu tu: udanganyifu, kosa kubwa, au kosa dogo linalojirudia kama mazoea. Glasi kukuteleza mkononi mara moja ni kosa dogo, na halimo. Ukungu wa maji ya Vivaqua wala siyo kosa.

Kwa wanaofanya kazi kwa titres-services, mwajiri wako ni ile kampuni iliyokupa mkataba. Mama mwenye nyumba ni mteja. Kitu kikivunjika, unaiarifu kampuni siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa maandishi, na picha. Wao ndio wanaozungumza na mteja na bima. Wewe hutoi pesa mlangoni.

Na mwajiri hawezi kukata tu kwenye mshahara anavyotaka. Kifungu hicho hicho cha 18 kinataka kiasi cha fidia kiwe kimekubaliwa na wewe baada ya tukio, au kimeamuliwa na hakimu. Hata hapo, kwa kifungu cha 23 cha sheria ya tarehe 12 Aprili 1965 ya kulinda mshahara, makato hayapiti moja ya tano ya mshahara wa mkononi kwa kila malipo, isipokuwa kama ulifanya udanganyifu au umeacha kazi kwa hiari kabla ya kumaliza kulipa. Kwa hiyo usiweke sahihi karatasi usiyoielewa. Sahihi yako ndiyo makubaliano wanayoyatafuta.

Tunajua mtakachosema. "Nyinyi mnaongea kwa sababu mko ofisini. Nikikataa kulipa nitapoteza nyumba ile, na nyumba ile ni saa nane kwa wiki." Ni kweli, hofu hiyo hatuidharau. Wengine wanalipa ili kununua amani. Lakini tumeangalia madaftari ya kutosha kuona jambo moja: anayelipa glasi bila kuuliza, mwezi unaofuata anaulizwa kuhusu pazia, halafu zulia. Mara ya kwanza unalipia kitu. Baada ya hapo wewe mwenyewe ndiye bima ya nyumba, na bima isiyolipwa hata senti.

Kukataa siyo lazima iwe ugomvi. Sema pole, kwa heshima. Onyesha picha. Sema, "Nimeshaiarifu ofisi, watakupigia." Basi. Maneno hayo machache yangeokoa euro 180.

Kwa ndugu zetu wasio na makaratasi, hali ni ngumu zaidi na hatutawadanganya. Hakuna ofisi ya kuipigia, na bosi anajua hivyo. Lakini kukosa makaratasi hakufuti haki ya kulipwa kazi uliyofanya. Sheria ya tarehe 11 Februari 2013 inalitambua hilo. Andika saa zako kila siku kwenye daftari, hifadhi jumbe za simu, piga picha. Brussels kuna FAIRWORK Belgium wanaosaidia wafanyakazi wasio na kibali, na chama cha CSC kina kundi la wafanyakazi wa majumbani wasio na makaratasi. Wenye mikataba pia, CSC, FGTB na CGSLB wapo. Mchango wa chama kila mwezi ni mstari mmoja kwenye bajeti. Tunaushauri kuliko mistari mingi tunayoiona humo.

Dada yetu alipeleka ujumbe kwenye kampuni yake wiki iliyopita, pamoja na picha za zile glasi tano. Hajapata jibu bado, na pesa iliyotolewa bila risiti kuirudisha ni kazi. Glasi zenyewe ameziweka kabatini kwake. Jana tulinywea maji.

Wewe mwenzetu, kabla hujatoa euro moja kwa ajili ya ukungu, tia siki kwanza. Na kama siki haikusaidia, toa simu, piga picha, andika. Pesa ya nyumbani ina wenyewe wanaoisubiri.