Kocha ambaye hakupuliza filimbi

Ukipita karibu na uwanja wa mazoezi, kitu cha kwanza utakachosikia ni filimbi. Cha pili ni kocha akifoka. Tumezoea hivyo, hata tukaamini kwamba timu haiwezi kushinda bila kufokewa. Leo napenda kuwasimulia msimu mmoja wa timu ya chuo kidogo huko Marekani, kisha tujiulize swali linalotuhusu sisi wazazi, walimu, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya.

Chuo hicho kinaitwa Saint John's, kipo Collegeville katika jimbo la Minnesota. Kilianzishwa mwaka 1857 na watawa Wabenedikto, wanaofuata Kanuni ileile inayofuatwa na watawa wa Peramiho na Ndanda hapa kwetu. Mchezo wenyewe si soka. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo kama la yai, ambayo wachezaji huvaa kofia ngumu na kuangushana kwa nguvu. Timu hiyo hucheza daraja la tatu la vyuo, ambako hakuna kijana anayepewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo.

Kocha wake mwaka 2003 alikuwa mzee wa miaka 77, John Gagliardi. Novemba 8 mwaka huo timu yake iliifunga Bethel, chuo kingine cha Kikristo, kwa pointi 29 kwa 26. Ulikuwa ushindi wake wa 409, na kwa huo alimpita Eddie Robinson wa Grambling State, aliyekuwa akishikilia rekodi ya makocha wote wa vyuo. Desemba timu ikaingia fainali dhidi ya Mount Union, timu iliyokuwa imeshinda michezo 55 mfululizo. Saint John's ilishinda 24 kwa 6, ikamaliza msimu na michezo 14 bila kupoteza hata mmoja.

Hadi hapo ni habari ya michezo tu. Kilichonivuta ni namna mzee huyu alivyowafundisha vijana wake. Hakutumia filimbi. Katika mazoezi hakuruhusu wachezaji kuangushana, ingawa mchezo wenyewe ni wa kuangushana, kwa sababu hakuona faida ya kuumizana wenyewe kwa wenyewe. Mazoezi hayakuzidi dakika 90. Hakutaka kuitwa “kocha”. Alitaka vijana wamwite John. Hakumkata mtu yeyote aliyekuja kujiunga, hivyo timu ikawa na wachezaji zaidi ya 150, wakati wanaoingia uwanjani kwa mara moja ni 11. Na sheria yake kuu ilikuwa moja: umtendee mwenzako vile ambavyo ungependa wewe utendewe. Hiyo ni sheria ya Bwana wetu, Mathayo 7:12.

Alianza hivyo akiwa bado mtoto. Mwaka 1943, akiwa na miaka 16 katika shule ya Kikatoliki huko Trinidad, Colorado, kocha wao alichukuliwa kwenda vitani. Yeye, mchezaji, akapewa timu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa yale aliyoyachukia alipokuwa chini ya mwingine. Wachezaji walikuwa wakinyimwa maji wakati wa mazoezi ili wawe wagumu. Yeye akawaruhusu kunywa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye swali. Wengi wetu tukipewa madaraka tunafanya kinyume. Aliyechapwa huchapa. Aliyedharauliwa na mzee wa kanisa alipokuwa kijana, akifika yeye kwenye kiti hicho naye hudharau, na kusema, “Sisi tulipitia hayo hayo, mbona hatukufa?” Aliyenyimwa maji naye huwanyima wengine maji. Hata mimi, nikiwa na haraka na watoto hawasikii, sauti inayonitoka ni ileile niliyoiogopa nilipokuwa mdogo.

Biblia inatupa mfano wa kijana mwingine aliyepewa madaraka. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, katika 1 Wafalme 12, aliombwa na watu awapunguzie mzigo waliotwikwa na baba yake. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu hao. Vijana wenzake walimshauri aongeze ukali. Akafuata ukali. Makabila kumi yakaondoka siku hiyo, wala hayakurudi. Yeye alidhani kiboko kitawashika.

Wapo watakaosema, “Lakini Mithali inataka mtoto arudiwe.” Ni kweli, na sitetei ulegevu. Gagliardi hakuwa mlegevu. Vijana wake walirudia mipango yao ya mchezo tena na tena hadi kila mmoja ajue mahali pake. Alitarajia mengi kutoka kwao. Kudai mengi ni jambo moja, na kutisha ni jambo jingine. Fimbo ya Zaburi ya 23 humfariji kondoo, haimkimbizi. Na Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 64 ya Kanuni yake, anamtaka abati atafute kupendwa kuliko kuogopwa, na anamwonya asikwangue kutu kwa nguvu mno, chombo kisije kikavunjika. Vyombo vingapi vimevunjikia mikononi mwetu? Vijana wangapi waliacha kwaya, wakaacha na kanisa, kwa ajili ya neno moja lililosemwa mbele za watu?

Lakini tusije tukakosea. Sisemi kwamba Mungu humpa kikombe kila aliye mpole. Kocha huyu alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 489, lakini pia alipoteza michezo 138 na kutoka sare 11. Na Mount Union haikushindwa kwa kuwa ni ya watu wabaya. Yeremia hakuwahi kushangiliwa na uwanja wowote, na alikuwa mtumishi wa kweli. Upole haufai kwa sababu unaleta ushindi. Unafaa kwa sababu ndio mwenendo wa Kristo, hata siku tunaposhindwa.

Ndiyo maana katika msimu ule wa 2003 siwafikirii sana waliofunga pointi. Nawafikiria wale wengi waliovaa jezi, wakafanya mazoezi yote, na wakacheza dakika chache au wasicheze kabisa. Kwa makocha wengi hao wangekatwa wiki ya kwanza. Pale waliachwa wabaki, wakaitwa wachezaji. Kila usharika na kila parokia ina watu wa namna hiyo: mama anayefagia kanisa Jumamosi, kijana asiyeijua sauti yake kwenye kwaya, mzee asiyeitwa kwenye kamati yoyote. Paulo anatuambia kuwa viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Gagliardi alifariki Oktoba 2018, akiwa na miaka 91. Sisi tulio hai tuna wiki nzima mbele yetu. Kesho asubuhi mmoja wetu atasimama mbele ya darasa, mwingine mbele ya wafanyakazi, mwingine mbele ya mtoto aliyemwaga chai. Kabla ya kupaza sauti, tukumbuke kile tulichokichukia tulipokuwa chini ya wengine, na tukiondoe. Yesu alisema kondoo wake huisikia sauti yake na kumfuata. Wanamfuata kwa sababu wanamjua.