Msimlaze Askari Aliyejeruhiwa

Mwezi uliopita nilihudhuria ibada ya shukrani ya kijana askari aliyerudi nyumbani na paja lililovunjwa na risasi. Mhubiri alimwekea mkono begani akatangaza: mwanangu, vita umepigana, sasa kazi yako ni kupumzika, na ninyi ndugu zake, asinyanyue hata ndoo ya maji. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Imani hii imeenea nchi nzima. Mtu akiumia, alazwe. Akitaka kusimama, arudishwe kitandani kwa huruma. Na askari ndiye anayeumizwa nayo kuliko wote, kwa kuwa jeraha lake ni la heshima, na heshima sisi tunaionyesha kwa kumkalisha mtu. Misuli isiyotumika hunywea. Goti lisilokunjwa hukakamaa. Damu huganda miguuni, kifua hujaa makohozi, ngozi ya makalio huoza. Risasi ilipiga mahali pamoja, lakini kitanda hushambulia mwili mzima.

Waingereza waliyajua haya kwa kuzika watu. Hadi Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti inayopumua. Alilazwa, akapewa dawa za maumivu, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Februari 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alikabidhiwa wodi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, kule Aylesbury. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Halafu akawatoa kitandani. Akawapa mipira, akawapa pinde na mishale, akawapeleka karakana kufanya kazi za mikono, na michezo ikawa sehemu ya tiba kama ilivyo dawa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 wa vita, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika uwanja wa hospitali hiyo wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mwaka 1960 mashindano yaliyozaliwa pale yalifika Roma na wanamichezo wapatao 400. Hiyo ndiyo Paralimpiki tunayoitazama leo kwenye televisheni, na ilianza kama tiba ya askari waliokuwa wanangojewa kufa.

Chicago nako, Marekani, wakati wa vita hivyo hivyo, hospitali ya jeshi ya Gardiner ilikuwa imefurika wanajeshi wenye magoti na mapaja yaliyoumia. Waliambiwa wafanye mazoezi mepesi, mara nyingi, kwa upole, na miezi ikapita bila nafuu kubwa. Daktari kijana Thomas DeLorme akafanya kinyume: akawafunga viatu vya chuma miguuni, akaongeza uzito kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyorudi. Mwaka 1945 akachapisha matokeo yake, na hadi leo mtaalamu wa viungo anayekuongezea uzito wiki hadi wiki anafuata njia ile.

Nikiyasema haya naambiwa: hayo ni mambo ya Wazungu wenye mashine. Mashine gani? Kiatu cha chuma ni mashine? Mfuko wa mchanga unaofungwa kwenye kifundo cha mguu je? Ngazi za nyumba ya jirani ni mashine? Anayetoa hoja hii ana kijana wa kumtuma maji kisimani, ana kilima nyuma ya nyumba, na bado anasema Afrika haina vifaa vya mazoezi. Hajatafuta kifaa. Ametafuta sababu ya kutofanya.

Mjomba wangu alirudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 na jeraha la goti. Mfupa uliunga vizuri na hogo likatolewa. Kisha akaangukia mikononi mwa watu waliompenda. Uji aliletewa kitandani, maji ya kuoga aliwekewa mlangoni, na kila alipojaribu kutembea bibi alilia. Goti likakakamaa likiwa limenyooka. Mtu aliyetembea kwa miguu hadi Uganda alizeeka akiburuta mguu ambao adui hakuumaliza. Sisi ndio tuliomaliza kazi hiyo.

Na askari wetu hawajaacha kujeruhiwa. Desemba 2017 pale Semuliki, mashariki mwa Kongo, walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Waliouawa walipewa heshima zao, inavyostahili. Majeruhi kwa kawaida hutembelewa mara moja, kamera zikiwepo. Hapo nina donge jingine: viti vya magurudumu vinavyogawiwa kwa hotuba ndefu na utepe wa kukata, katika ofisi ambazo mlangoni pana ngazi tano na hakuna njia ya kiti kupita. Aliyekipokea hubebwa mgongoni kuingia kwenda kushukuru.

Sisemi askari akimbizwe mchakamchaka siku ya pili baada ya upasuaji. Mfupa una muda wake wa kushika, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aseme lini na kwa uzito gani. Basi apewe huyo mtaalamu! Majeruhi akiruhusiwa kurudi kijijini, aondoke na ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiswahili, tarehe ya kurudi kupimwa goti linakunjika kiasi gani, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Na shangazi anayemletea uji kitandani aitwe hospitali kabla ya siku hiyo, afundishwe jinsi ya kumshika kiunoni mpaka asimame.