Baada ya Ushindi 151
Aghalabu sisi wapenzi wa michezo huzipima tabia za vijana kwa kombe walilolitwaa, ilhali kombe, kwa hakika, halitwambii ila nani aliyekuwa hodari zaidi siku ile. Basi niitajapo skuli ya De La Salle ya Concord, California, ambayo timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilishinda michezo 151 mfululizo kati ya mwaka 1992 na 2004, sikusudii kuusifu wingi huo (ingawa ni wa kustaajabisha), bali desturi ya mwalimu wao, Bob Ladouceur, aliyesomesha pia somo la dini, ya kumtaka kila mchezaji aandike katika kikaratasi ahadi zake za mazoezi na za mchezo, kisha amkabidhi mwenzake mbele ya jamaa wote, ili deni lake liwe kwa rafiki na si kwa ubao wa matokeo. Agosti 2004 kijana mmoja aliyehitimu punde katika timu ile, naye yu karibu kusafiri kwenda chuo kikuu, aliuawa kwa risasi. Na kabla ya kutimia wiki nne wenziwe wakashindwa na timu ya skuli ya Bellevue, huko Seattle, 39 kwa 20. Wako walioliita hilo msiba, na mimi neno hilo nalikataa, kwani vijana waliokwisha kumzika mwenzao walijua msiba ni nini. Nao mazoezi wakayarejea, na Ladouceur akabaki nao hadi alipostaafu mwaka 2013.