Pipi na Utoto

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya pipi. Msicheke. Yuko jirani yangu hapa Ntobeye, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye hatoki nyumbani bila pipi mfukoni, kama wazee wengine wasivyotoka bila ugoro. Mganga amekwisha kumwambia kwamba ana kisukari. Pombe ya ndizi ameiacha; pipi zimemshinda.

Nilimwuliza tabia hii aliipata wapi, naye akanirudisha katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari na sabuni zilipokuwa vitu vya kupangiwa foleni. Miwa, ndizi mbivu na asali ya mzinga watoto waliijua. Lakini pipi ilikuja mara chache, katika mfuko wa baba aliyerudi safari, nayo ilivunjwa kwa meno ikagawiwa ndugu watatu. Basi kwake pipi si kitamu tu, ni baba yake aliyerudi nyumbani. Mganga gani atamkataza hilo kwa maneno mawili?

Tena kupenda utamu hakuna aliyetufundisha, maana mtoto huzaliwa nako, na maziwa ya mama yenyewe ni matamu. Lililo letu wazazi ni kipimo. Waingereza walipimiwa sukari tangu 1940 kwa sababu ya vita, na kipimo kile kiliondolewa mwaka 1953. Mara watu wakaanza kula karibu maradufu, toka gramu 40 kwa siku hata 80. Wataalamu waliwalinganisha watu waliotungwa mimba kabla ya kipimo kuondolewa na waliotungwa baadaye, wakatangaza mwaka 2024 kwamba wale wa kwanza, walipokuwa watu wazima, walipatwa na kisukari pungufu kwa kadiri ya asilimia 35, na shinikizo la damu pungufu kwa asilimia 20. Siku zenyewe zilizotenda hayo ni zile za tumboni na miaka miwili ya kwanza, yaani siku ambazo sisi humtia mtoto kijiko cha sukari katika uji ili anyamaze.

Kule Uswidi, tangu 1947, wagonjwa wenye ulemavu wa akili katika hospitali ya Vipeholm walilishwa pipi za kunata kwa makusudi, mpaka meno yao yakaoza. Ni jambo la aibu, kwa kuwa watu wale hawakuulizwa. Lakini ilijulikana hapo kwamba kula pipi mara kwa mara kati ya milo huharibu meno kuliko wingi wa sukari iliwayo mezani.

Na sisi je? Madukani, sarafu zikikosekana, mtoto hurudishiwa pipi badala ya chenji. Wangu nimewaagiza waombe kiberiti. Mwenye duka alinung'unika kidogo, kisha akazoea.