Maji Kuangaa Si Kusema Ni Safi



Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada, mama mmoja wa kanisa aliniita pembeni. Alikuwa na bidoni mkononi. Akaniuliza: «Baba Mchungaji, ile filtre ya mchanga yenye iko kwenu, inaweza kutosha na hii sumu ya mine? Juu maji yetu inatoka chini ya mahali banaoshea mawe.»

Nikatazama maji yake. Yalikuwa yanaangaa kama kioo. Nilitaka kujibu mbio: «Ndiyo, Mama, usiogope.» Nashukuru Mungu sikujibu mbio. Jibu la kweli ni hili: nusu ndiyo, nusu hapana. Na wewe unayesoma, kama unakaa karibu na mine, unapaswa kujua nusu zote mbili.

Nusu ya kwanza: mikrobi

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1892 kolera iliingia katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Watu wa Hamburg walikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Majirani wao wa Altona walikunywa maji ya mto ule ule, tena walichota chini, nyuma ya uchafu wa Hamburg kuingia. Lakini wao waliyapitisha pole pole katika mchanga. Hamburg watu zaidi ya 8,000 walikufa. Altona walikufa wachache tu. Mto mmoja, ugonjwa mmoja. Tofauti ilikuwa mchanga.

Sasa, mchanga wa namna ile ulikuwa wa miji mikubwa, na maji yalipita usiku na mchana bila kusimama. Sisi nyumbani tunamwanga bidoni moja asubuhi na moja jioni. Katikati, mchanga ungekauka, na kazi yake ingekufa. Katika miaka ya 1990, profesa mmoja wa Inivesite ya Calgary, huko Kanada, jina lake David Manz, alitafuta namna ya kusaidia nyumba za watu wadogo. Hakutafuta mashine ya bei kali. Alijifunza vile maji yanatembea katika mchanga, akabadilisha kitu kidogo: tiyo ya kutokea.

Tiyo ile inaanzia chini ya sanduku la sima, inapanda, na mdomo wake unakaa juu kidogo kuliko mchanga. Kwa hiyo maji yanasimama yenyewe yakibakia santimetre 5 juu ya mchanga. Yakipunguka kuliko pale, mchanga unaweza kukauka. Yakizidi sana, hewa haifiki chini. Mbona hewa? Sababu juu ya mchanga kunaota utando wa vidudu vidogo sana, vyenye uhai, na vyenyewe ndivyo vinakula mikrobi za magonjwa. Vinahitaji maji, hewa, chakula, na wakati. Utando unakomaa kwa majuma mawili mpaka mwezi mmoja.

Tena maji yapite pole. Litre moja ichukue zaidi ya dakika mbili. Ukiona inakimbia, usifurahi: maji yanayokimbia hayapati wakati wa kusafishwa.

Hapa mimi mwenyewe nilikosa. Niliona utando ule, nikasema ni uchafu. Nikafungua filtre, nikaosha mchanga wote na maji ya javel. Mama Pasta alisema, «Baba, uliza kwanza.» Sikuuliza. Juma lililofuata watoto wetu wawili waliharisha. Nilikuwa nimeua watumishi waliotulinda. Javel ni nzuri, lakini unaitia kidogo katika bidoni safi, nyuma ya maji kutoka. Hapana ndani ya filtre.

Nusu ya pili: sumu ya mawe

Vidudu vile vinakula mikrobi. Havili kobalti. Madini yaliyoyeyuka katika maji hayana uhai, na hayaonekani. Mengi yanaweza kupita katika mchanga pamoja na maji. Kupika maji hakuyaondoi pia: maji yanapunguka katika sufuria, sumu inabaki.

Na hii si hadithi ya mbali. Mwaka 2009, watafiti wa Inivesite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao katika Katanga. Walipima mkojo wa watu 351, wakubwa na watoto. Wale wanaokaa karibu na mine ao izini, chini ya kilometre 3, walikuwa na kobalti nyingi sana kuliko watu wa mbali. Waliandika kwamba ni kiasi kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kwa watu wa kawaida. Inaingia kwa njia nyingi: vumbi, chakula, na maji.

Basi nikamjibu yule mama: «Mama, filtre itakusaidia juu ya kolera na kuhara. Juu ya mine, usiitumainie. Tafuta maji ya mahali pengine.» Hakufurahi, sababu kisima kingine ni mbali. Lakini aliniambia, «Afazali kweli.» Tangu siku ile vijana wa kwaya wanamsaidia kubeba bidoni.

Kumbuka Elisha katika 2 Wafalme 2. Watu wa Yeriko walikuwa na mji mzuri na maji mabaya. Elisha hakutia chumvi katika mitungi yao. Alitoka, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Ndugu, kwa mikrobi tunaweza kuponya mtungi. Kwa sumu ya mawe, inatupasa kwenda mpaka chemchemi: kuuliza kisima kinachimbwa wapi, kuuliza nani anaosha mawe juu ya maji yetu, hata kama ni mtoto wetu mwenyewe.

Na wewe kijana unayependa hesabu na fizike, usiseme ni masomo ya kutafuta diplome tu. Mtu aliyejifunza mwendo wa maji alilinda nyumba nyingi kwa tiyo iliyopandishwa kidogo. Mwenye kupima mkojo wa maskini naye alifanya kazi ya jirani mwema.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Maji yetu yanatoka wapi, na kuna nini juu yake?
2. Nani katika nyumba anabeba maji, na nani anaweza kumsaidia?
3. Ni jambo gani tulijibu mbio bila kuuliza anayejua?

Bwana abariki maji yenu na mkate wenu. Amina.