Mtandao wa Kijiji: Akiba ya Betri Kwanza



Mwezi huu tuzungumze juu ya mtandao wa kijiji. Huu ni mtandao wa intaneti usiotumia waya. Wenye mali ni wanakijiji. Vifaa vidogo vya redio hufungwa juu ya paa. Kifaa kimoja hupeleka habari kwa kingine, nyumba hadi nyumba.

Je, mtandao huo unaleta fedha? Ndiyo. Tuwatazame wenzetu wa Mankosi, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Walianza mwaka 2012, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape. Mwaka 2014 waliandikisha ushirika wao, Zenzeleni. Kwa Kixhosa, maana yake ni "jifanyieni wenyewe".

Nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Vifaa viliendeshwa kwa umeme wa jua. Umeme huo ulichaji pia simu za watu, nao wakalipa. Basi ushirika ulipata fedha hata kabla ya kuuza intaneti.

Njia za kupata fedha ni hizi:

1. Kuchaji simu.

2. Kuuza intaneti. Ushirika hununua kwa jumla na kuuza kwa rejareja.

3. Kuunganisha shule, zahanati na maduka kwa ada ya mwezi. Mkulima hupata fedha baada ya mavuno. Lakini hawa wanaweza kulipa hata wakati wa palizi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mnachaji simu 20 kwa siku, kila simu shilingi 200. Hizo ni shilingi 4,000. Kwa siku 25 mtapata shilingi 100,000.

Je, mgawane zote? Hapana! Betri huchakaa, na bei yake ni kubwa. Betri ikifa, mtandao unakufa. Mkulima hali mbegu yake. Kwa hiyo wekeni akiba ya betri kwanza. Kisha mlipeni fundi na intaneti ya jumla. Kinachobaki ndicho faida. Mkutano wa wanachama uamue matumizi yake.

Kila shilingi iandikwe katika daftari. Daftari lisomwe mbele ya wanachama kila mwezi.

Tena, hapa Tanzania msiuze intaneti bila kibali. Waulizeni kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Jadilini katika kikundi chenu: Kijijini kwetu nani atalipa kila mwezi? Nani atatunza daftari?

Wenu,
Bwana Shamba